Barua ya Sandarusi

Sisi watoto wa Maneromango sandarusi ilikuwa mchezo wetu. Masika ikishapita na maji yakishachimba mifereji kwenye mchanga, njiani kwenda kisimani tulikuwa tunatembea vichwa chini, tunaokota vipande vya njano vilivyofumuka ardhini. Ukikiosha kimoja, juu kinabaki na vipele mithili ya ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ukikisugua kwenye jiwe kinaanza kupitisha mwanga, na ukibahatika unamwona mdudu ndani, mabawa yake mazima. Tukichoka tunavitupa jikoni kwenye makaa vitoe harufu, na bibi anatutoa mbio na mwiko. "Hiyo ni mali," alikuwa akisema. Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, hapakuwa na mnunuzi wa sandarusi aliyekanyaga kwetu. Mali ya pale nyumbani ilikuwa korosho na minazi michache. Bibi alikuwa anarudia tu maneno ya waliomlea.

Waliomlea walijua walichokisema. Karne ya 19 sandarusi ya kwetu Uzaramo ilivuka bahari mbili. Ni utomvu wa msandarusi, mti ambao bado unaonekana katika misitu ya pwani, ila iliyotakiwa haikuwa ile inayochuruzika mtini leo. Hiyo mbichi iliitwa chakazi na bei yake ilikuwa ya chini. Iliyotakiwa ni ile iliyolala mchangani miaka isiyohesabika, mti wenyewe umekwisha kuoza na kusahauliwa. Richard Burton alipokatiza Uzaramo mwaka 1857 kwenda maziwa makuu aliandika kwa kirefu juu yake, kwa dharau aliyokuwa nayo kwa karibu kila mtu aliyekutana naye. Wazaramo walichimba kwa majembe madogo, vishimo vifupi vifupi, wakabeba mizigo mpaka Mbwamaji, Bagamoyo na bandari nyingine za pwani ya Mrima. Hapo ikanunuliwa, ikapakiwa kwenye majahazi kwenda Unguja, na kutoka Unguja ikapanda merikebu kwenda Bombay, Hamburg na Salem, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Huko iliyeyushwa ikawa vanishi ya kupaka magari ya farasi na samani za matajiri.

Hayo yote niliyajua nikiwa mtu mzima. Utotoni nilichokijua ni sanduku la babu.

Lilikuwa sanduku la bati la kijani, limekaa chini ya kitanda cha kamba, na ndani yake kulikuwa na karatasi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Babu alikuwa mtu wa msikitini na Kurani aliisoma vizuri, lakini mwandiko wa barua ulimshinda: hauna irabu, nukta nyingine zimerukwa, na kila mwandishi anakunja herufi anavyotaka. Kwa hiyo karatasi zile zilikaa. Majirani waliziheshimu kuliko yeye. Kwa watu wengi wa kwetu, chochote chenye herufi zile kilikuwa na baraka, na nakumbuka mama mmoja alikuja asubuhi mwanawe ana homa, akamwomba babu kipande kidogo tu ashonewe mtoto hirizi.

Babu akamwambia: "Mwanangu, nenda kwa mwalimu akakuandikie kombe. Hiyo si Kurani. Hiyo ni deni."

Alijuaje kuwa ni deni ikiwa haisomeki? Aliambiwa na baba yake, ndiyo elimu yote aliyokuwa nayo juu ya sanduku lile. Mpaka siku moja alipomwita mwalimu wa chuo, mzee aliyesomea Unguja na kurudi, aliyetufundisha sisi wote alifu na viboko. Mwalimu akaketi kwenye mkeka, akavaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, akachukua karatasi ya juu. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi kwa urefu hata ikawa ukanda mwembamba wa kuingia kwenye kilemba cha tarishi. Alipoifungua ilitoa mlio wa majani makavu. Wino wake ulikuwa mweusi sana pale kalamu ilipochovywa, kisha unafifia kidogo kidogo hadi neno la mwisho linakuwa la kahawia, halafu mweusi tena. Ungeweza kuhesabu mwandishi alichovya mara ngapi.

Nusu nzima ya karatasi ilikuwa salamu. Ila janabi, mpenzi wetu, ndugu yetu, Mungu akupe afya, na kama ukiuliza hali yetu sisi ni wazima na tunaomba nanyi muwe hivyo. Mwalimu alizisoma kwa sauti ya kughani, babu akiitikia amina. Halafu akafika kwenye wa baadahu, yaani "na baada ya hayo", sauti ikabadilika, ikawa ya mtu anayesoma orodha ya duka. Mfanyabiashara wa Mbwamaji anamwarifu baba yake babu kwamba sandarusi frasila saba zimewasili, lakini frasila mbili ni chakazi na Banyani amezikataa. Nguo doti kadhaa zimepelekwa kwa mkono wa mletaji wa khati hii, wala asipewe mtu mwingine. Na kuhusu yale ya awali, hesabu ni kama alivyoandika katika khati ya kwanza. Wasalaam. Mwaka 1297.

Mwaka huo wa Hijria unaangukia 1880. Frasila moja ni kama kilo kumi na sita, kwa hiyo mzee wetu alibebesha watu zaidi ya kilo mia za sandarusi mpaka pwani, akarudishiwa nguo.

Babu akauliza swali moja. "Basi tunadai au tunadaiwa?"

Mwalimu akaigeuza karatasi, akatazama mgongoni. "Hapa haisemi. Anasema hesabu iko kwenye khati ya kwanza."

Wakapekua sanduku zima mpaka adhuhuri. Zilikuwamo barua nyingine, moja ya talaka, moja ya kuulizia ng'ombe, na vipande ambavyo mchwa walikwishavisoma kabla ya mwalimu. Khati ya kwanza haikuwamo. Mwalimu aliomba akae na ile ya sandarusi kwa muda ainakili vizuri, maana mwandiko ulimpendeza, na babu akamruhusu. Akaichomeka katikati ya kitabu chake cha fiqhi, akaenda nayo.

Mwaka 1971 nilichaguliwa kwenda sekondari Kibaha. Kwa mtoto wa wilaya yetu ya Kisarawe hilo lilikuwa jambo la kuchinjiwa mbuzi. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, na lilikuwa limekabidhiwa serikalini mwaka mmoja tu kabla sijafika, Januari 1970. Kulikuwa na shule, kituo cha afya, chuo cha wakulima, mabanda ya kuku, na kulikuwa na maktaba. Sijui kama nitaweza kumweleza mtu wa leo maana ya maktaba ile kwangu. Nilitoka mahali ambapo maandishi yalikaa chini ya kitanda, nikaingia mahali ambapo vitabu vimesimama wima, vina namba mgongoni, na kuna mtu analipwa mshahara ili kazi yake iwe kujua kila kitabu kilipo. Nilikuwa nikienda hata siku ambazo sikuwa na cha kusoma, natazama kadi zinavyochomolewa kwenye droo.

Historia tuliyofundishwa ilipita karibu kabisa na mabweni yetu. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilivuka mto Ruvu, ambao wageni waliuita Kingani, mto uleule unaopita karibu na Mlandizi tulikokwenda kununua maembe. Tulisoma habari za Stanley kuondoka Bagamoyo mwaka 1871, na habari za maiti ya Livingstone kubebwa kutoka Chitambo hadi Bagamoyo, ikafika Februari 1874. Tulisoma kwamba miongoni mwa waliombeba alikuwemo kijana Jacob Wainwright, mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa India, ambaye aliandika shajara ya safari ile kwa mkono wake. Shajara hiyo ipo mpaka leo, Blantyre huko Scotland, kwenye makumbusho ya kuzaliwa kwa Livingstone. Nilishangaa: katika watu wengi vile, wachache mno ndio maandishi yao yakabaki, na yake yamebaki kwa sababu alikuwa karibu na Mzungu aliyekufa.

Ndipo nilipomuuliza mwalimu wa historia barua za watu wa huku zinasomwa wapi. Alikuwa mtu mwema, akanijibu kwamba watu wa huku historia yao ni ya masimulizi, nikawaulize wazee. Sikumbishia. Lakini nilikuwa na wazee, na wazee walikuwa na sanduku.

Sanduku halikudumu. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri kwa kila mtu, na operesheni ikafika kwetu mvua zikiwa njiani. Sikuwepo, nilikuwa Kibaha, kwa hiyo nasimulia nilivyosimuliwa. Waliosimamia kuhama walikuwa na haraka na orodha. Vitanda, vinu, mabati na masanduku vilipakiwa lori moja na vya nyumba nyingine, vikashushwa penye uwanja mtupu uliopimwa kwa kamba, na usiku ule ikanyesha. Babu na bibi walikesha chini ya turubai na mbuzi wawili. Sanduku lilibaki nje siku kadhaa, kutu ikiwa imekwisha kutoboa kitako. Nilipokwenda likizo babu alinifungulia. Karatasi zilikuwa zimeshikana, hazibanduki, na ukilazimisha zinatoka nyuzi tupu zenye doa la wino. Aliuliza kama huko shuleni kwetu kuna dawa. Nikamwambia nitauliza. Dawa ipo, nilikuja kujifunza baadaye, lakini inataka mtaalamu, inataka meza safi, na inataka ifanyike mapema, siyo baada ya jua la Januari kuzioka. Babu alifariki mwaka uliofuata, na zile karatasi shangazi alizifukia mizizini mwa mwembe, kwa heshima.

Ikabaki moja, ile ya kwenye kitabu cha fiqhi.

Nilipoanza kazi ya maktaba jijini, sikuwa nimeipenda kwa ajili ya vitabu tu, nadhani msomaji ameshaelewa. Nisiitaje maktaba yenyewe, maana nitasema na mabaya. Ilikuwa maktaba ya utafiti, na kitengo changu kilikuwa cha maandishi ya zamani. Kanuni za kazi ile zinafaa kila nyumba yenye karatasi. Kalamu ya wino haiingii, ni penseli tu. Usilambe kidole kufungua ukurasa. Pini na klipu za chuma zitoe, zitakula karatasi kwa kutu. Na selotepu, Mungu atuepushe na selotepu. Kuna mtu mmoja mwenye nia njema, kabla yangu, aliyeunganisha barua zilizochanika kwa selotepu, pande zote mbili. Baada ya miaka, gundi ile iligeuka kahawia, ikapenya hadi upande wa pili, kisha plastiki yenyewe ikadondoka, na palipokuwa na maneno pakabaki ukanda wa rangi ya chai. Mchwa angalau wanaacha tundu, ukitazama unajua hapa pamepotea. Kiyoyozi kilikuwepo, kilifanya kazi mwezi wa kwanza wa kila bajeti.

Lakini ndani ya vyumba kama vile ndimo nilimoanza kuona barua zinabakije duniani. Nilikuwa nafikiri zinazobaki ni zile muhimu. Sivyo.

Siku moja niliagizwa kurudisha rafuni kitabu kinene, *New England Merchants in Africa*, kilichohaririwa na Norman Bennett na George Brooks na kutolewa Boston mwaka 1965. Ni mkusanyiko wa barua na kumbukumbu za wafanyabiashara wa Marekani waliofika Afrika kati ya 1802 na 1865. Nilikifungua kwa mazoea tu, ukurasa wowote. Nikakutana na sandarusi. Nikafungua mbele, sandarusi tena. Bei yake kwa frasila, imechanganyika na mchanga, haipatikani, imefika nyingi, meli fulani imebeba, mwenye meli fulani asijue. Nilisoma nimesimama, toroli la vitabu likizuia njia, mpaka mwenzangu akaja kuuliza kama naumwa.

Nyingi za barua hizo zimetoka Salem. Marekani ilifunga mkataba na Sultani Said bin Sultan mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akafika Unguja kuwa konseli wao wa kwanza. Kazi ya konseli na biashara yake binafsi hazikuwa mbali. Alielewana vizuri na Jairam Shivji, Mhindi aliyekodi forodha za Sultani, na baina yao wawili shehena nyingi zilipita. Wamarekani walileta merikani, ile nguo ngumu isiyotiwa rangi ambayo bibi zetu waliendelea kuiita hivyo hata ilipofumwa Bombay. Waliondoka na pembe, ngozi na sandarusi. Huko Salem kulikuwa na kiwanda cha Jonathan Whipple, kazi yake kuosha sandarusi ya Afrika mpaka utando wa nje utoke. Na kila mmoja wao aliandika. Kepteni anamwandikia tajiri, tajiri anamwandikia wakala, wakala anaweka nakala kwenye daftari kwa sababu meli inaweza kuzama na barua nayo. Watoto wao wakatunza makasha darini, wajukuu wakayapeleka kwenye makumbusho ya mji, na leo yamo katika Maktaba ya Phillips, ya Makumbusho ya Peabody Essex, ambayo mwaka 2018 ilihamishiwa mji jirani wa Rowley ili yapate ghala bora zaidi. Watu wa Salem walilalamika sana, kumbukumbu zao zimepelekwa mbali. Rowley na Salem, nimeangalia ramani, ni mwendo wa kutoka Kisarawe hadi Kibaha.

Nilichokitafuta katika kurasa zile ni jina moja la Mzaramo. Kijiji nacho kingetosha. Sikulipata, na sababu yake si dharau tu. Said bin Sultan aliifunga Mrima kwa wageni. Mkataba wake na Waingereza wa 1839 ulisema wazi kwamba pembe na sandarusi za pwani ile, kuanzia Mtangata hadi Kilwa, si za wageni kununua. Wamarekani nao wakawa wananunulia Unguja. Kwa hiyo katika barua zao sandarusi inaanzia forodhani. Haina aliyeichimba, haina aliyeibeba, haina deni nyuma yake. Barua zilizokuwa na hayo yote ni zile za upande wa huku, baina ya mtu wa Mbwamaji na mtu wa bara, na hizo zilikaa kwenye masanduku ya bati.

Hiyo ndiyo mizani iliyonikera miaka yote ya kazi yangu. Barua mbili za mzigo uleule, moja ina namba ya rafu na chumba chenye baridi ya kipimo, nyingine imezikwa chini ya mwembe. Aliyeandika ile ya Salem hakuwa na akili zaidi wala mwandiko bora. Nimeuona mwandiko wa baadhi yao kwenye picha. Mwalimu wetu wa chuo angewachapa.

Zipo barua za watu wetu zilizobaki, na nyingi zilibaki kwa kuogopwa. Wajerumani miaka ya mwanzo walitawala kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kwa kuwa ndicho majumbe na maliwali walichokiandika, na baadhi ya karatasi hizo zimo katika majalada ya Kijerumani ya Nyaraka za Taifa. Mwaka 1908 barua iliyosemekana imetoka Makka ilisambaa pwani ikihimiza Waislamu watubu na wajiandae na kiama. Serikali iliyokuwa imetoka tu kwenye Majimaji ilishikwa na hofu, ikakusanya nakala, ikaandika ripoti. Hofu hiyo ndiyo iliyozihifadhi. Huko Kongo maofisa wa Mfalme Leopold walipopigana na wafanyabiashara wa pwani miaka ya 1892 hadi 1894 waliteka na makaratasi yao, na zaidi ya karne moja baadaye mtafiti Xavier Luffin aliyachapa katika kitabu kizima, barua za Kiarabu na Kiswahili zilizomo katika hifadhi za Ubelgiji. Watu wanaulizana habari za watoto, wanalaumiana kwa mizigo kuchelewa. Barua za nyumbani kabisa, zimebaki kwa sababu askari alizitia mkobani.

Na wamisionari wa Berlin, waliofungua kituo Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895, barua zao ziko Berlin. Utotoni nilipita mbele ya kanisa lao la Maneromango mara nyingi bila kujua kwamba huko Ujerumani kuna kasha lenye habari za kijiji chetu, nani aligombana na jumbe, mvua ilikosekana lini. Wabenediktini nao waliandika kutoka Pugu hadi kituo chao kilipovamiwa Januari 1889, katika vita vya Bushiri. Minaki, ambako wajomba zangu walisoma, ilirithi mwaka 1925 chuo cha Kiungani cha Unguja, na kwa Kiungani walau natoa shukrani kidogo: vijana wake, wengi wao watumwa waliokombolewa, waliandikishwa habari za maisha yao wenyewe, na mmisionari Madan akazichapa kwa Kiingereza mwaka 1887. Hapo kuna mtoto anayesema aliuzwa kwa nini.

Hapa nyumbani yupo aliyejaribu. J. W. T. Allen alizunguka pwani miaka ya 1960 akikusanya miswada ya Kiswahili na Kiarabu kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ilichapwa Leiden mwaka 1970. Bila yeye tungekuwa maskini zaidi. Lakini wakusanyaji wa enzi ile walitafuta tenzi kwanza, kisha fiqhi, kisha tiba. Mtu akibisha hodi na kuuliza kama nyumbani kuna maandishi ya zamani, mwenye nyumba anatoa kasida ya Hamziya iliyofungwa kwa kitambaa. Nani atoe barua ya frasila mbili zilizokataliwa? Inaonekana aibu.

Nimekwisha kustaafu. Mwalimu wa chuo alifariki zamani, na mwanawe alipokuwa anagawa vitabu vya marehemu alikuta ukanda wa karatasi katikati ya kitabu cha fiqhi, ukiwa na kipande kidogo kilichoandikwa jina la babu. Akauleta kwa shangazi. Hakuuleta kwangu, na alifanya sawa, maana shangazi ndiye mkubwa wa ukoo sasa, ana miaka zaidi ya tisini na hajapoteza hesabu ya korosho hata gunia moja.

Tuliitana kikao mwaka jana. Mpwa wangu, aliyesomea kompyuta, alikwishaipiga picha barua kwa simu pande zote mbili, pamoja na rula ya kuonyesha ukubwa, kama nilivyomwelekeza. Mimi nilipendekeza asili yake tuikabidhi maktaba ya utafiti, ikae kwenye kasha la karatasi isiyo na asidi, ipewe namba. Nilieleza yote, Salem na Rowley na Berlin. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wakishaichukua watatupa nini?"

"Risiti, shangazi."

"Na hiyo risiti nitaiweka wapi?"

Watu wakacheka, mimi pia. Mpwa akadakia kwamba siku hizi si lazima kutoa, wanaweza kuja kuipiga picha bora na kuirudisha, na sisi tukabaki nayo. Binamu mmoja akauliza jambo ambalo lilikuwa vichwani mwa wengi: ikipatikana ile khati ya kwanza, huko Mbwamaji au popote, na ikaonekana tunadai, deni la mwaka 1880 linalipika? Tukabishana juu ya hilo kwa muda mrefu kuliko juu ya hifadhi. Mwanasheria wa ukoo alisema limekufa. Shangazi alisema deni halifi, mdai ndiye hufa.

Uamuzi ukawa barua ibaki Maneromango, ndani ya bahasha niliyoinunua mimi, ndani ya kitabu kilekile cha fiqhi, juu ya kabati na si chini ya kitanda. Anayetaka kuisoma aje aisome kibarazani, anawe mikono, na kalamu ya wino aiache kwenye gari. Kuna kijana mmoja wa shahada ya uzamili amekwisha kupiga simu, anajifunza mwandiko wa Kiarabu na anasema anataka barua za biashara, siyo tenzi. Shangazi amemwambia aje korosho zikishauzwa, sasa hivi nyumba imejaa magunia.